Besi ya zamani itengenezwe hapa Kamina, rangi ije mwisho

KAMINA, Haut-Lomami – Katika mji wa reli kama Kamina si vigumu kukuta gitaa la besi la zamani limesimamishwa nyuma ya sakristia, au limefungwa ndani ya gunia chini ya kitanda cha mzee aliyewahi kupiga katika orkestra. Kichwani limeandikwa Yamaha, Ibanez, Aria au jina lingine la Japani. Nyuzi zimebaki mbili, kifungo kimoja hakipo, rangi imepasuka. Wengine wanasema hicho ni kitu kilichokufa, kiuzwe kwa bei yoyote. Wengine wanataka lipakwe rangi nyekundu haraka, lionekane jipya siku ya sikukuu. Pande zote mbili zinakosea, na hasara ya kosa hilo inawafikia pia vijana wa familia zilizokimbilia mjini mikono mitupu.

Hoja ni hii: besi hizo zitengenezwe hapahapa, zitengenezwe na vijana wa Kamina pamoja na vijana wa wakimbizi wa ndani, na kazi ianze kwenye sauti kabla ya kufika kwenye rangi.

Kwanza, watu wajue wana nini mkononi. Besi ya umeme inayojulikana leo ilienea kutoka Marekani, baada ya Leo Fender kuleta Precision Bass mwaka 1951. Wajapani walifuata. Kiwanda cha FujiGen kilianzishwa Matsumoto mwaka 1960, na baadaye kikatengeneza magitaa mengi ya Ibanez, jina la kampuni ya Hoshino ya Nagoya. Yamaha ilileta besi zake za BB mwaka 1977. Wakati ule Wajapani walisemwa kuwa ni watu wa kunakili tu. Mwaka huohuo wa 1977 wenye Gibson walimshtaki msambazaji wa Ibanez huko Marekani kwa sababu ya umbo la kichwa cha gitaa. Lakini mwaka 1982 Fender yenyewe ilianzisha Fender Japan, na kazi ikapewa FujiGen. Aliyeigwa alimwendea aliyemwiga, kwa sababu mkono wa fundi yule ulikuwa mzuri.

Ndiyo maana leo kuna watu Ulaya, Marekani na Japani kwenyewe ambao burudani yao ni kutafuta besi za miaka ya 1970 na 1980, kuzifungua, kuzisafisha na kuzirudishia uhai. Wengine hununua kwa bei kubwa. Mtu wa Kamina anayetoa besi ya namna hiyo kwa bei ya gunia la makala ya kupikia anamfanyia kazi mfanyabiashara atakayeipakia ndani ya treni na kuiuza mbali.

Pili, besi nyingi zinazoitwa zimekufa zina ugonjwa mdogo. Ugonjwa wa kwanza ni pale waya wa ampli unapoingizwa. Waya mmoja mwembamba umekatika ndani, na besi imenyamaza miaka kumi. Dawa yake ni chuma cha kulehemu, risasi kidogo na dakika chache. Ugonjwa wa pili ni vifungo vya sauti vinavyokwaruza kwa sababu ya vumbi na kutu. Vinasafishwa kwa dawa ya kupuliza ya vifaa vya umeme. Mafuta ya kula au ya taa yasitumiwe hapo, maana yanakusanya vumbi tena. Ugonjwa wa tatu ni shingo iliyopinda. Besi nyingi zina chuma kirefu kilichofichwa ndani ya shingo, chenye nati mwisho wake. Fundi anabonyeza uzi mwanzoni na mwishoni mwa shingo, kisha anaangalia katikati: panapaswa kubaki nafasi ndogo, karibu na unene wa karata. Nafasi ikiwa kubwa, nati inakazwa robo mzunguko tu, halafu fundi anangoja. Anayetumia nguvu anakata chuma, na hapo ndipo besi inakufa kweli.

Nyuzi ni nne: mi, la, re, sol. Ndizo zinazogharimu, na ndizo zinazokosekana. Wapiga besi wa zamani walijua kuzichemsha nyuzi chafu katika maji, kuzikausha vizuri na kuzirudisha. Sauti inafufuka kwa siku kadhaa, na siku kadhaa zinatosha kwa misa ya Jumapili na kwa mazoezi. Tena besi nyingi za zamani hazihitaji betri. Umeme unahitajika kwenye ampli peke yake.

Tatu ni suala la rangi, na hapa ndipo vijana wengi wanapoharibu. Magitaa mengi ya Japani ya miaka ile yamefunikwa kwa poliesta, ngozi nene na ngumu kama kioo. Kuiondoa kunahitaji joto au msasa wa siku nyingi. Vumbi lake linaingia kifuani, na harufu ya dawa za kuyeyusha rangi inalewesha na inashika moto upesi. Familia iliyohama mara nyingi inalala watu wengi katika chumba kimoja, na mbabula unawaka hapohapo. Kazi hiyo isifanywe ndani ya nyumba kabisa. Ifanywe nje, mbali na moto na watoto, mdomo na pua vikiwa vimefunikwa, na msasa ukiwa na maji ili vumbi lisiruke.

Kuna sababu nyingine ya kutokukimbilia msasa. Gitaa lina cheti chake cha kuzaliwa mwilini. Kwa Ibanez nyingi zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1975 hadi katikati ya miaka ya 1980, herufi ya kwanza ya namba ni mwezi na tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka. Namba inayoanza na C78 inasema Machi 1978. Anayekwangua kichwa cha gitaa bila kuangalia anafuta tarehe hiyo, na pamoja nayo anafuta sehemu kubwa ya thamani. Mkwaruzo wa mkanda na alama ya kidole gumba cha mpigaji si aibu. Zinaonyesha kwamba chombo kilifanya kazi.

Rangi ikilazimika, kwa sababu mbao iko wazi na inanyonya maji, basi ingojee kiangazi. Wakati wa mvua unyevu unaingia ndani ya vanishi na kuifanya iwe nyeupe kama maziwa. Tabaka ziwe nyembamba, kila moja ikauke, kisha msasa laini wa 400, wa 1000 na wa 2000 ufuatane kwa subira. Mahali pa mbao iliyovunjika, kipande cha mulombwa kilichokauka vizuri kinaweza kuziba. Mti huo unajulikana na maseremala wa Katanga nzima.

Sasa kuna swali ambalo mama mmoja wa familia iliyokimbia ana haki ya kuliuliza: mtu asiye na unga wa bukari ataambiwaje habari za gitaa? Swali hilo ni la haki, lisipuuzwe. Besi haijazi sufuria. Msaada wa chakula, dawa na mahali pa kulala unabaki deni la serikali na la mashirika, na hakuna wimbo unaolifuta deni hilo.

Lakini kijana wa miaka kumi na saba anayekaa kutwa nzima kwenye baraza la watu wanaompokea anahitaji kitu zaidi ya kungoja. Anayejua kulehemu waya wa besi anajua pia kutengeneza redio, taa ya sola na simu yenye waya uliokatika. Anayejua msasa na vanishi anaweza kutengeneza mlango, kiti na kitanda. Hiyo ni kazi ambayo mtu anaweza kuondoka nayo siku ya kurudi kijijini, na hakuna mwenye silaha anayeweza kumpora njiani. Watu waliotoka Mitwaba, Manono na Pweto wakati pembetatu ile iliitwa ya kifo walijifunza hivyo kwa uchungu. Na reli hii ya Kamina iliona zaidi: mwaka 1992 na 1993 familia zilizofukuzwa Likasi na Kolwezi zilipelekwa Kasai kwa treni, kila mtu na kile alichoweza kubeba.

Katanga haipaswi kufundishwa gitaa kama kitu cha wageni. Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, na vidole vyake vikasikika hadi Nairobi na Ulaya. Losta Abelo na Edouard Masengo walikuwa wa kizazi hichohicho. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, wapiga kalindula walijitengenezea besi yao wenyewe kwa mbao na ngozi. Kama mtu anaweza kuumba besi kutoka pipa, vipi Kamina ishindwe kuponya besi ambayo kiwanda kilikwisha kuitengeneza vizuri?

Yanayotakiwa si makubwa. Kila parokia na kila kanisa liandike vyombo vyake vilivyolala, pamoja na namba zake. Mahali pamoja patengwe meza, chuma cha kulehemu, bisibisi, msasa na taa. Fundi mmoja wa redio na mpigaji mmoja wa zamani wakae hapo mara mbili kwa juma. Nusu ya wanafunzi watoke katika kartie za mji, nusu katika familia zilizohama, wasichana wakiwemo. Kazi ya korali ilipwe hata kama ni franga kidogo, kwa bei iliyoandikwa ukutani, ili kijana asiambiwe kila mara kwamba analipwa kwa baraka.

Jambo la mwisho ni karatasi. Kijana wa wakimbizi akionekana barabarani na gitaa begani, mtu wa kwanza atauliza ameliiba wapi. Kwa hiyo kila chombo kinachopokelewa kiandikwe nakala mbili: jina la mwenyewe, namba ya gitaa, ugonjwa wake, bei, siku ya kurudishwa. Nakala moja ibaki kwa mwenyewe, nyingine iende na fundi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa hata jina jema la mtoto linaweza kupotea pamoja na mali.

Wenye besi chini ya vitanda wasingoje mpango mkubwa kutoka Kinshasa. Wazitoe, wafungue kamba ya gunia, wasome namba, wampelekee fundi. Na anayekuja na kopo la rangi nyekundu aambiwe kwa upole akae kwanza, asikilize nyuzi nne zikilia sawasawa. Baada ya hapo, kama bado anaona rangi inahitajika, kiangazi kitafika.