Tangazo la Ziwa Lisilo na Mwaka

Ndugu zangu wavuvi wa Kibirizi, Katonga na Ujiji, na nyinyi mama zangu mnaoanika dagaa: tangazo la kufungwa kwa ziwa likiingia kwenye simu yako, usimtumie mwenzako kabla hujatafuta mwaka wake.

Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano na Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate kuzaliana na kukua. Agosti ilipita, tangazo likabaki kwenye simu. Mtu akilikata juu, penye nembo, kumbukumbu namba na tarehe ya kuandikwa, inabaki mistari miwili tu: linafungwa 15 Mei, linafunguliwa 15 Agosti. Siku ipo, mwezi upo, mwaka haupo. Kipande hicho kinaweza kuzungushwa mwaka wowote.

Mwenye kipe, chombo cha kuvulia dagaa kwa taa, akikiamini, atawaruhusu vijana waende makwao na taa ziwekwe stoo, huku wenzake wako majini na giza la mwezi ndilo hilo linapita. Hiyo ni hasara. Lakini ninayemwogopea zaidi ni yule atakayeletewa tangazo jipya, la kweli, akasema, “Aa, hili si lile lile?” Mwaka wa kwanza tulisoma kila neno kwa sababu lilitutia hofu. Sasa maneno tumeyazoea, tunatazama juu juu na kufunga simu. Tarehe ikisogezwa wiki moja, au kikiongezwa kifungu kuhusu nyavu, nani atakiona? Ataonyeshwa na doria, usiku, nyavu na mashine vikiwa vimeshachukuliwa.

Tena sisi wa ziwa hili tuna mtego wetu wenyewe. Kiswahili kinavuka maji. Sauti iliyorekodiwa Uvira au Kalemie inasikika Ujiji kama ya jirani, na msikilizaji hajui kwamba siku zinazotajwa zimetangazwa na mamlaka ya upande wa pili. Nchi nne zinakubaliana, ndiyo, ila amri ya kukufunga wewe uliye Kigoma inatoka kwa Serikali ya Tanzania. Usifuate ya Kongo, wala usiipuuze ya hapa kwa sababu umesikia wenzetu wameanza kuvua.

Kila BMU, yaani kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi mwaloni, ihifadhi tangazo zima la kila mwaka, kwenye karatasi. Jipya likija, wakae watu wawili: mmoja asome la zamani kwa sauti, mwenzake afuate kwenye jipya akiwa na kalamu. Wapige mstari palipobadilika, kisha waandike ubaoni mwaloni. Waandike na kilichoondolewa, maana kifungu kikifutwa hakiachi alama kwenye karatasi mpya. Anayekijua ni yule tu aliyetunza ya zamani.

Nanyi mnaosambaza, kumbukeni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo, kwa nia ya kupotosha watu, adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Hivyo anayebadilisha tarehe kwa mzaha hachezi mchezo mdogo.

Ukilazimika kutuma, piga picha karatasi nzima, kuanzia nembo ya juu mpaka muhuri wa chini. Ukiwa na kipande tu, kipeleke kwa afisa uvuvi akitazame kwanza.