Mwongozo Usitusomee Tamthilia

Wapo walimu wanaoshikilia kuwa Mashetani, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1971, ina maana moja tu: Shetani ni mkoloni, naye Binadamu ni Mwafrika aliyehadaiwa. Mwanafunzi hulikariri jibu hilo kutoka katika mwongozo, akapata alama zake, na kitabu chenyewe kikabaki hakijafunguliwa.

Sikatai kwamba ukoloni mamboleo umo. Lakini wanaogawana nafasi za Shetani na Binadamu katika mchezo ule ni vijana wawili marafiki, Juma na Kitaru. Ukoo wa Juma umepoteza mali na hadhi. Wa Kitaru ndio unaopanda. Bibi yake Juma angali anaiomboleza enzi iliyopita. Je, uchungu huo wa kitabaka tuupeleke wapi, ikiwa kila shetani sharti awe Mzungu?

Mwanafunzi akijibu kwamba shetani ni ule utengano ulioingia baina ya marafiki hao, na akathibitisha kwa vitendo na kauli zao, mtahini asimnyime alama eti jibu halimo katika mwongozo. Mwongozo nao uliandikwa na msomaji mmoja, tena, nashuku, kwa haraka.