BAISKELI YETU NDIYO BASI LETU

Ndugu wafanya kazi,

Kila alfajiri twatoka Kaloleni, Makongeni, Jericho na Mbotela kwa baiskeli, twavuka reli mpaka viwanda vya Enterprise Road. Hatuendeshi kwa starehe. Nauli ya kwenda na kurudi ni unga wa watoto.

Sasa twauliza: mbona gari la meneja hulala ndani ya lango, chini ya bati, askari akililinda, lakini baiskeli ya mfanya kazi yaambiwa ikae nje? Jioni mtu atoka zamu, akuta mnyororo umekatwa. Akilalamika ajibiwa kuwa hilo si shauri la kampuni. Je, kesho akichelewa kwa kwenda miguu, mshahara utakatwa na nani?

Wako wasemao tununue kufuli kubwa. Naam, tufunge fremu pamoja na gurudumu, tena tuandike namba ya fremu na kuiweka nyumbani. Lakini kufuli halina macho. Mwizi aliyeachiwa saa nane nzima atalishinda.

Twataka mambo matatu: banda ndani ya lango; vyuma imara vya kufungia; na kipande cha namba, baiskeli isitoke bila hicho. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa mfanya kazi haki ya hali nzuri ya kazi, na chama haki ya kujadiliana na tajiri. Basi jambo hili liandikwe katika mapatano yajayo. Wajumbe, lileteni mkutanoni!

Umoja ni nguvu.