Kusawazisha Mzigo au Kuugawa? Funzo la Istilahi kutoka Daraja Mbili

Siku ya soko pale Daraja Mbili, mjini Kisii, hakuna mwenye mali anayewapa wachukuzi mizigo sawa. Lori la ndizi likisimama, kijana mwenye mkokoteni hutwikwa mikungu kumi, na mwenzake asiye na chochote ila mabega hutwikwa mmoja. Aliyekwisha kurudi huitwa kabla ya yule ambaye bado yumo njiani. Aliyeteleza na kuanguka matopeni hapewi kitu mpaka aonekane amesimama tena. Kanuni hizi hazijaandikwa popote sokoni, lakini ndizo hizo hizo zinazoandikwa kila uchao na mafundi wa seva za wavuti, wale ambao kazi yao ni kuhakikisha kwamba maelfu ya watu wakibisha hodi kwa wakati mmoja, tovuti haizimiki.

Neno linalomjia mfasiri upesi anapokumbana na kazi hiyo ni "kusawazisha mzigo". Ni neno tamu kusikika, lakini linapotosha. Anayesawazisha hufanya vitu viwe sawa: husawazisha ardhi, husawazisha mizani. Fundi wa seva hafanyi hivyo. Mbele ya seva zake huweka seva moja ya kupokea wageni, aghalabu akitumia programu ya Nginx, iliyotolewa na Mrusi Igor Sysoev mwaka 2004, au HAProxy ya Mfaransa Willy Tarreau. Seva hiyo ya mbele haihudumii ombi lenyewe, hulipeleka nyuma. Isipoelekezwa vingine, Nginx hupeleka kwa zamu: ombi la kwanza kwa seva ya kwanza, la pili kwa ya pili, kisha mzunguko huanza upya. Fundi mwenye busara hubadilisha zamu hiyo. Mashine yenye nguvu huipa uzito wa 3, kuukuu huipa 1, na nyingine huiweka akiba isiguswe mpaka wenzake wote waanguke. Aidha, anaweza kuagiza kwamba ombi jipya liende kwa seva yenye maombi machache mkononi. Yuko wapi hapo usawa? Kinachotendeka ni mgawo, na mgawo wa haki si lazima uwe mgawo sawa, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kugawa urithi au nyama. Kwa hiyo "mgawo wa mzigo", na anayeufanya aitwe "mgawaji". Mwanafunzi aliyefunzwa kusawazisha ataipa mashine kuukuu sehemu sawa na ile mpya, na siku ya msongamano itakuwa ya kwanza kuanguka.

Yamkini msomaji atasema kwamba hayo ni ya wahandisi, na kwamba idara za Kiswahili zina Shaaban Robert wa kutosha kuzishughulisha. Hoja hiyo ingekuwa na mashiko kama seva zingebaki kwa wahandisi. Nchini Kenya, mwananchi hujaza taarifa za kodi katika iTax kabla ya usiku wa tarehe 30 Juni, na mwanafunzi huchagua kozi ya chuo kupitia tovuti ya KUCCPS. Matokeo ya KCSE ya mwaka 2024 yalipotangazwa tarehe 9 Januari 2025, watahiniwa walikuwa zaidi ya 960,000, na malalamiko ya kurasa kukwama yalisikika siku hiyo hiyo. Mzazi aliyeshuka kutoka Nyamira hadi kwenye saiba ya Kisii hulipia kila dakika ya kungoja huko. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Lakini mzazi huyo akitaka kuelezwa kwa Kiswahili kwa nini mfumo umekwama, jibu analopewa ni neno moja tu: "netiweki".

Na hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanastahili lawama kidogo. Wino mwingi umemwagwa katika mjadala wa kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Kazi nzuri ilifanyika pia: Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye sura ya Kiswahili, ilitolewa Desemba 2004 kupitia mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hata hivyo, juhudi nyingi zimeishia kwenye nomino. M-Pesa ilizinduliwa mwaka 2007, Ushahidi ikafuata 2008, na Safaricom ikauita Daraja mfumo wake wa kuunganisha programu za watu wengine na M-Pesa. Majina yote ni ya Kiswahili, ilhali maelezo mengi ya namna ya kuyatumia ni ya Kiingereza. Lugha inayotoa majina bila kueleza utendaji imegeuzwa kuwa kibandiko.

Utendaji huonekana vizuri zaidi kitu kinapoharibika. Kazi hiyo huitwa "utatuzi wa matatizo", tafsiri nyingine inayoruka hatua, kwa sababu saa nne kati ya tano fundi hatatui chochote, bali anasaka. "Usakaji hitilafu" lingekuwa jina la kweli zaidi. (Wapo mafundi ambao kazi yao ingefaa kuitwa uaguzi: huzima mashine, huiwasha, na kungoja mizimu itulie.) Msakaji huanza kwa kusoma kile ambacho seva imeandika yenyewe: nani alikuja, saa ngapi, akataka nini, akajibiwa nini na kwa muda gani. Wengi hukiita "logi", wengine "kumbukumbu", neno ambalo tayari limebebeshwa ukumbusho, mihtasari ya mikutano na nyaraka za kale. Mabaharia wa pwani wana neno lao, batli, daftari ambamo nahodha huandika mambo ya safari. Kwa nini seva isiwe na batli?

Tuseme batli inaonyesha kisa hiki. Kuna seva nne, na mojawapo imepoteza njia ya kuifikia hifadhidata. Kila ombi linaloijia, hulijibu papo hapo kwa kosa la 500. Kwa kuwa inajibu upesi, haina maombi mengi mkononi. Na kwa kuwa haina maombi mengi, mgawaji anayetazama wingi wa kazi huiona kuwa mchapakazi hodari na kuiongezea. Ni mchukuzi anayetupa mikungu mtaroni na kurudi mbio kudai mingine. Nginx, isipoelekezwa vingine, huihesabu seva kuwa imeshindwa hasa pale isipounganika au inapopitisha muda. Jibu la 500 hulichukua kuwa jibu kama majibu mengine. Fundi sharti aiambie waziwazi kwamba jibu hilo nalo ni kushindwa. Asiyejua hayo atatazama seva zote nne, ataziona zimewaka, na kuapa kwamba tatizo ni intaneti ya mteja.

Kisa cha pili kinawagusa zaidi watu wa Kisii. Mwombaji amejaza kurasa tano za fomu, na ukurasa wa sita unapelekwa kwa seva nyingine isiyomjua. Anatupwa nje, aanze upya. Dawa inayopendwa na wenye haraka ni kumfunga mteja kwa seva moja kwa kutumia anwani yake ya mtandao. Lakini saiba yenye kompyuta ishirini aghalabu hutoka nje kwa anwani moja. Wateja wote ishirini wanarundikwa kwa seva ile ile, na nyingine zinapunga upepo. Nginx hata hutazama namba tatu tu za mwanzo kati ya nne za anwani ya kawaida, hivyo majirani wa saiba hiyo nao wanaweza kuangukia humo humo. Dawa iliyo bora ni kuziwekea seva zote ghala moja la kumbukumbu za wateja, hata kama huchukua muda kuiandaa. Aliyepanga mfumo akiwa Nairobi, akimwazia kila mteja na kompyuta yake mezani, hakuiona saiba. Kosa lake lilikuwa la kutomjua hadhira kabla ya kuwa la kiufundi, nalo ni kosa ambalo wanafasihi hulisahihisha katika insha kila muhula.

Mgawo pia una mipaka yake, na haifai kuuimba kana kwamba ni dawa ya kila ugonjwa. Seva kumi zinazotegemea hifadhidata moja iliyolemewa ni madaraja kumi yanayoishia kwenye kichochoro kimoja. Huduma za eCitizen zilipovurugika mwishoni mwa Julai 2023, serikali ilithibitisha kwamba zilishambuliwa kwa makusudi kwa maombi mengi mno. Mafuriko ya namna hiyo hutaka kuchujwa kabla ya kugawanywa.

Idara ya Kiswahili ikitaka pa kuanzia, ianze na ujumbe ambao mwananchi huuona kwenye kioo. Nambari ya 502 hufasiriwa neno kwa neno kuwa "lango bovu", na tafsiri hiyo ni uongo mtupu: lango ni zima, ila aliye nyuma yake ametoa jibu lisiloeleweka. Nambari ya 504 nayo ina maana kwamba lango limengoja, na aliye nyuma hakujibu kwa wakati. Mzazi aliye kwenye saiba, akiusoma ujumbe wa kwanza, ataondoka akidhani tovuti imevunjika. Angesoma "Ombi lako limefika, lakini seva iliyopaswa kulijibu imechelewa, subiri kidogo kisha ujaribu tena", angejua kwamba kubofya mara kumi kunaongeza foleni, na angeweza kwenda kununua ndizi Daraja Mbili na kurudi.