Kenge wawili banda moja ni hasara

Kenge wa savana wanaouzwa Marekani na Ulaya kama wanyama wa nyumbani hutoka zaidi Ghana, Togo na Benin. Kenge mchanga ni bei nafuu kuliko banda lenye taa ya joto, ndiyo maana baadhi ya wafugaji huwabana wawili pamoja. Hayo ni mahesabu mabovu. Kenge kwa asili huishi peke yake. Mkubwa hukalia penye joto na kuwahi chakula. Mdogo hujificha, hukonda, na bila joto hata kidogo alichokula hakisagiki vizuri. Wakati wa kulisha ndipo vidole na mikia hung'atwa. Eti wamezoeana kwa kuwa wanalaliana! Mara nyingi wanagombea taa tu. Muuzaji auze kwanza banda la pili, ndipo amtoe kenge wa pili.