Mbwa Analinda Mlango Wetu, Yeye Anatazamwa na Nani?



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, leo naomba tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hulikwepa: hali ya mbwa na paka tunaoishi nao majumbani. Najua wapo watakaosema, "Kuna watoto hawana karo, wewe unatuletea habari za mbwa!" Nawaomba mnisikilize hadi mwisho, kwa sababu habari yenyewe inaanza na mtoto.

Huku kwetu Mahango, milimani Kasese, mbwa analinda mbuzi usiku, na wakati wa mavuno analinda kahawa iliyoanikwa uani. Sisi pia tulikuwa naye. Tulimfunga nyuma ya choo, tukamtupia mabaki, na watoto tukawakataza kumgusa kwa kuwa ni najisi. Miaka mitatu hakuna mtu mzima aliyemtazama kwa karibu. Siku moja mpwa wangu wa miaka minane alimpelekea chakula, akamshika kichwani, akang'atwa mkono.

Tuliosha kidonda kwa maji na sabuni, tukashuka naye hospitali siku ile ile, akaanza sindano. Mbwa hakuwa na chanjo. Tuliambiwa tumfungie na kumtazama siku 10, maana mbwa aliyekuwa na kichaa wakati wa kung'ata hawezi kumaliza siku hizo akiwa mzima. Kila siku baada ya swala ya alfajiri nilikwenda nyuma ya choo kuona kama yu hai. Alhamdulillahi, siku zikaisha. Kisha akaja daktari wa mifugo, akavaa glovu, akamtazama masikio. Yalikuwa yamejaa kupe, na moja lilikuwa na usaha.

"Mzee," akaniambia, "mbwa huyu si mkali. Anaumwa. Mtoto alimshika pale pale penye maumivu."

Sikuwa na la kujibu. Kosa halikuwa la mbwa wala la mtoto. Lilikuwa langu mimi mwenye nyumba.

Ndugu zangu, tumeifanya hukumu ya najisi kuwa kisingizio. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuosha chombo kilichorambwa na mbwa mara saba, moja kwa udongo. Hiyo ni hukumu ya usafi wetu, si ruhusa ya kumtesa mbwa. Ametuhadharisha pia tusifuge mbwa bila haja, lakini wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba ameruhusiwa. Basi ukishachukua ruhusa, chukua na dhamana yake. Sote tunakijua kisa cha mtu aliyeshuka kisimani akateka maji kwa kiatu chake ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, Allah akamsamehe. Na tunamjua mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia hadi akafa njaa. Ama paka, yeye hata si najisi, huzunguka ndani mwetu kama mmoja wa nyumba.

Wengine hudhani kumpeleka mnyama kwa mtaalamu ni anasa ya wazungu. Ni kweli Kampala na Nairobi kuna mahali pa kuogesha mbwa na kuwakata manyoya kwa pesa nyingi. Mbwa wetu wana manyoya mafupi, hawahitaji saluni. Wanachohitaji ni mkono unaojua, uwapitie mara kwa mara toka masikio hadi kucha. Mkono huo ndio unaoona kupe, uvimbe, kidonda na funza mapema. Faida zake ni hizi:

1. Chanjo. Karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na dalili zikishaonekana ni nadra sana mtu kupona. Watoto ndio hung'atwa zaidi. Uking'atwa, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha nenda hospitali. Usingoje.

2. Minyoo na ukurutu. Mayai ya minyoo ya mbwa na paka hubaki kwenye udongo wanaochezea watoto wetu, na paka huambukiza choa.

3. Dawa sahihi. Hapa wengi tunaua kwa nia njema. Dawa ya kuogeshea ng'ombe inaweza kumuua paka, na hata kidonge cha panadol ni sumu kwake. Paka hana haja ya kuogeshwa mara kwa mara; mchane kwa kitana, tazama masikio yake, umpe dawa ya viroboto ya paka.

4. Jirani zetu wa porini. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Sisi tunapakana na mbuga ya Queen Elizabeth, na mbwa hajui mpaka wa mbuga.

Tena sisi watu wa mpakani hatufundishwi kuhusu kinga. Mwaka 2019 Ebola ilipovuka kutoka Kongo hadi Bwera, tulinawa mikono Mpondwe kila tulipopita, na hakuna aliyeiita anasa.

Rai yangu ni hii. Kila kamati ya msikiti izungumze na afisa mifugo, ipangwe siku moja kila baada ya miezi mitatu, nje kabisa ya eneo la kuswalia. Familia zilete wanyama wao, gharama tuchangie. Chanjo ya kichaa irudiwe kila mwaka. Vijana wa shule wajifunze kushika, kuosha na kutoa kupe, wakiwa na glovu. Huenda mmoja wao akapenda kazi hiyo, akaenda kusomea udaktari wa mifugo Makerere, akarudi kututumikia.

Mpwa wangu amepona, kovu limebaki. Mbwa naye yupo, amechanjwa, na amehamishwa kutoka nyuma ya choo. Juzi mtoto aliniuliza kama anaruhusiwa kumpelekea maji. Nikamwambia mpelekee, kisha unawe.

Tumuombe Allah atujaalie huruma kwa viumbe vyake. Amin.

Wabillahi tawfiq.