Sifa Hazinunui Nyuzi za Fidla

Wacha niseme wazi, maana tumechoka kunong'onezana nyuma ya jukwaa: Kenya inapenda sana kumpigia makofi kijana wa fidla, lakini kumlipa haitaki.

Mimi nafundisha fidla hapa Nairobi. Najua kazi ya kumtoa mtoto kwenye mikwaruzo ya mwezi wa kwanza, ile ya kufukuza paka, hadi Gredi ya 8 ya mitihani ya ABRSM, bodi ya London iliyoundwa mwaka wa 1889. Si kazi ya likizo moja. Anayeanza akiwa na miaka 7 huenda akafika huko akiwa na 17. Ni miaka ya mazoezi ya kila siku, shingo inauma, ncha za vidole zinaota sugu. Kuna ada ya mwalimu na ada ya mtihani. Kuna nyuzi 4 zinazokatika zikipenda, na nywele za upinde, za mkia wa farasi, zinazochakaa na kutaka kubadilishwa. Kuna nauli ya matatu, fidla imepakatwa kama mtoto mchanga.

Haya, amefuzu. Simu inalia: kuna harusi, kuna uzinduzi, kuna chakula cha jioni cha wazito. "Njoo na wenzako watatu. Bajeti hatuna, lakini mtakula, na mtajulikana." Mtu huyohuyo ameshamlipa mwenye mahema, mpishi, mpiga picha na DJ. Mbona mwenye mahema haambiwi ati atajulikana?

Ukiuliza, unajibiwa kwamba huu ni muziki wa Wazungu, hauna soko kwetu. Si kweli. Fidla imekaa katika taarab ya Zanzibar na Mombasa vizazi na vizazi. Waluo wana orutu, Wakikuyu wana wandindi, zote za uzi mmoja na upinde. Na huko malipo yana adabu yake. Kwenye taarab, wimbo ukikugusa unainuka, unamtunza mwimbaji mbele za watu. Kwenye orutu, anayetaka kujisifu kwa pakruok anatoa pesa. Kwa hivyo, kama kuna kitu kigeni hapa, si fidla. Kigeni ni kumchezesha mtu saa tatu bure, kisha kumshukuru kwa maikrofoni.

Tunapenda pia ile picha ya mtoto wa Korogocho ameshika fidla, jaa la Dandora liko nyuma yake. Ghetto Classics wamefanya kazi kubwa pale kwa zaidi ya miaka kumi, na sina neno nao. Neno langu ni kwetu sisi watazamaji. Mtoto akiwa na miaka 12 tunatokwa na machozi. Akifika 22 na kutuletea ankara, tunasema ana tamaa. Tulitaka muujiza, hatukutaka mfanyakazi.

Sasa mtaala mpya umeweka mkondo wa sanaa na michezo katika sekondari ya juu. Vizuri sana. Lakini mkondo lazima umwage maji yake mahali. Tutawafunza vijana hawa miaka mitatu tukijua kwamba mwisho wake ni sahani ya pilau na asante?

Dawa haihitaji kamati. Andikeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja. Lipeni nusu kabla ya siku yenyewe. Nauli iwe kando, kwa sababu nauli si mshahara. Shule zinazotaka mwalimu wa fidla zimpe mshahara wa mwalimu, si wa kibarua wa Jumamosi. Na wewe kijana, ukikubali kucheza bure leo, jua umemshushia bei mwenzako wa kesho.

Kama pesa hamna, semeni hamna, tuzungumze kama watu wazima. Lakini msiniambie mtanipa jina. Jina ninalo, nilipewa siku niliyozaliwa.